Wananchi Wenye Hasira Kali: Uhakiki wa Msemo Mmoja na wa Huruma ya Kundi

Utangulizi

Magazeti yetu ya Kiswahili yana msemo mmoja ambao msomaji ameuzoea mno hata haumsimamishi tena. Ni msemo wa "wananchi wenye hasira kali". Mtu fulani, aghalabu asiyetajwa jina, ameuawa kwa mawe na marungu, au amevishwa tairi na kuchomwa moto, na waliomwua ni wananchi wenye hasira kali. Habari yenyewe huwa fupi, mistari michache pembeni mwa ukurasa, nayo humalizika kwa kamanda wa polisi kuwaasa watu wasijichukulie sheria mkononi. Kesho yake gazeti lina habari nyingine.

Makala hii inakusudia kuuhakiki msemo huo kwa namna ile ile tunavyohakiki andiko lolote darasani: kwa kuuliza maneno yake yanasema nini, yanaficha nini, na yanamfundisha nini anayeyasikia kila siku. Tunaandika kutoka Buzebazeba, kata mojawapo ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mahali ambapo neno "mwizi" likipazwa usiku milango hufunguka kabla mtu hajauliza aliyeibiwa ni nani. Hatusemi hivyo ili kuiaibisha kata yetu, maana habari za namna hiyo zimeandikwa kutoka Dar es Salaam na Mwanza, Nairobi na Kampala. Twataja mahali petu kwa sababu mchungaji hahubirii taifa. Ahubiria mtaa wake.

Hoja yetu ni moja. Kundi linaloua halikukosa huruma. Limeitumia huruma yake yote upande mmoja. Ikiwa hoja hiyo ina ukweli, basi mahubiri yanayowaambia watu tu kwamba wawe na huruma hayajaugusa ugonjwa wenyewe.

1. Msemo na yale unayoyaficha

Tuanze na neno la kwanza. Wananchi ni neno la heshima, maana yake wenye nchi. Katika miaka ya kudai Uhuru, na tena baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno hilo lilibeba tumaini la watu waliokuwa wametawaliwa katika ardhi yao wenyewe. Sasa neno hilo hilo limepewa umati wenye mawe. Na kwa kuwa wanaopiga ndio wananchi, anayepigwa ametolewa katika nchi kabla ya pigo la kwanza. Yeye ni kibaka, ni jambazi, ni mchawi. Haandikwi kuwa ni mwananchi aliyeuawa na wananchi wenzake, ingawa ndivyo ilivyo.

Neno la pili ni hasira. Katika msemo huu hasira imewekwa kuwa sifa ya watu, kama vile mtu asemavyo watu wenye mvi au watu wenye mashamba. Tena hasira hiyo ni kali, neno tulitumialo kwa jua, kwa pilipili na kwa mbwa, vitu ambavyo hakuna avishtakiye kwa ukali wake. Hivyo hasira inakuwa ndiye mtendaji, na mwenye mkono anatoweka. Hakuna fulani bin fulani aliyeokota jiwe, hakuna aliyekwenda kununua petroli, hakuna aliyeshika kiberiti. Pana hasira tu, nayo ilikuja ikaondoka kama mvua.

La tatu ni lile karipio lenyewe, kujichukulia sheria mkononi. Hata akemeaye anakiri kwa maneno yake kwamba kilichochukuliwa ni sheria. Lakini Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6)(b), yakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kwamba analo. Penye shtaka lisilosikilizwa, upande wa pili usioulizwa, na hukumu iliyotangulia swali, hapana sheria iliyochukuliwa. Sheria imeachwa chini, na mkono umebeba jiwe tu.

Huenda msomaji akasema kwamba tunawaonea waandishi wa habari, maana mwandishi anayefika mahali pa tukio asubuhi hawezi kuwajua wote waliokuwapo usiku. Ni kweli, na hatumdai majina asiyoyajua. Tunachosema ni kwamba msemo ukirudiwa miaka mingi hugeuka kuwa mafundisho. Mtoto ajifunzaye kusoma kwa gazeti hilo hujifunza pamoja na herufi kwamba iko namna ya kuua isiyo na mwuaji.

2. Murufiti, Oktoba 2014

Mwezi Oktoba mwaka 2014, katika kijiji cha Murufiti, wilaya ya Kasulu, humu humu mkoani Kigoma, watu saba waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na moto ulitumika. Watano kati yao walikuwa wamepita umri wa miaka 60, na wawili walikuwa wamepita miaka 40. Polisi waliwakamata watu 23, na iliripotiwa kwamba miongoni mwao alikuwamo mganga wa kienyeji.

Umri huo wa waliouawa wahitaji kutafakariwa. Mwezi Mei mwaka 2008, katika eneo la Kisii nchini Kenya, watu kumi na mmoja walichomwa moto kwa tuhuma kama hizo, nao wengi wao walikuwa wazee. Katika nchi yetu, takwimu za kati ya mwaka 1970 na 1984, ambazo mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amezichambua, zaonyesha watu zaidi ya 3,600 waliouawa kwa sababu ya tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake na wengi wakiwa wa Usukumani. Imeandikwa mara nyingi kwamba huko macho mekundu ya bibi kizee yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Lakini macho hayo yaliwekundishwa na moshi wa jikoni, moshi wa miaka hamsini ya kuwapikia watu wale wale waliokuja kumhukumu. Waliyaona macho yake, hawakuuona moshi.

Hapa yatupasa kutaja jambo la zamani kidogo, kwa kuwa lina fundisho. Wazee wa upande huu wa ziwa walijua jina la kamchape. Jina hilo latokana na mchape, dawa iliyoenea kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na kwa Kinyanja kuchapa ni kufua nguo. Audrey Richards aliandika mwaka 1935 juu ya wafuasi wa dawa hiyo kati ya Wabemba, na Roy Willis akaandika mwaka 1968 juu ya kamchape ya Ufipa, kusini mwetu. Katika taratibu hizo kijiji kilikusanywa, watu wakanywa dawa, na aliyetajwa kuwa mchawi akasalimisha pembe zake na kuhesabiwa kuwa amesafishwa.

Hatuzisifu taratibu hizo. Zilimdhalilisha mtu mbele ya wajukuu zake kwa jambo ambalo hakuna awezaye kulithibitisha, na jina la kamchape limerudi kusikika mkoani Kigoma katika miaka hii ya 2020 likiwa pamoja na ramli chonganishi na vurugu vijijini. Lakini mhakiki hana budi kuona tofauti moja. Jina lile lilikuwa la kufua, na nguo iliyofuliwa hurudi mwilini mwa mwenyewe. Mtuhumiwa, kwa aibu yote aliyotiwa, aliachiwa njia ya kurudi nyumbani kwake. Murufiti haikuachwa njia yoyote. Kuna namna ya kumlaumu mtu inayotaka arudi, na kuna namna inayotaka asiwepo, nazo zaweza kutumia maneno yale yale mwanzoni. Mchungaji anayesikiliza maneno ya watu wake yampasa ajue mapema anasikia ipi.

3. Huruma iliyotumika yote upande mmoja

Ni desturi kusema kwamba watu wanaotenda mambo hayo wamegeuka kuwa wanyama. Maelezo hayo yanatufariji, kwa kuwa sisi si wanyama, lakini si ya kweli. Tuwatazame wale watokao nyumbani usiku kelele zikisikika. Aliyeibiwa ni mvuvi, na kilichoibiwa ni injini ya mtumbwi. Kila mtu wa Buzebazeba, Kibirizi au Katonga ajua maana yake. Dagaa wa usiku ule hawatavuliwa, wala wa usiku utakaofuata. Deni la injini halitangoji. Vijana waliokuwa wakigawana mavuno ya chombo kile hawana kazi. Na mama aliyekuwa akiwaanika dagaa wale ufukoni ataamka asubuhi na mikono mitupu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hiki wote wamekilalia. Wanatoka kwa sababu wanaujua uchungu wa mwenzao, na mtu asiyetoka ndiye angeitwa asiye na utu.

Kadhalika na mama aliyefiwa na mtoto kwa ugonjwa usioeleweka. Wanaomzunguka wanalia naye kweli. Machozi yao si ya uongo. Mtume Paulo anapowaagiza Warumi walie na wanaolia (Rum 12:15), watu hao wametii. Basi, jiwe linatoka wapi?

Tunaona mambo matatu yanayoigeuza huruma hiyo inapokuwa ya watu wengi kwa pamoja. La kwanza, huruma hugeuka kuwa kipimo. Mtu wa kwanza hurusha jiwe kwa uchungu wake mwenyewe. Wa pili hurusha ili asionekane kuwa upande wa mwizi. Wa tatu hurusha kwa kuwa wawili wamekwisha kurusha. Na yule asemaye, "Ngojeni kwanza tumwulize," anaulizwa yeye: "Kwani wewe ni mwenzake?" Kuanzia hapo kumhurumia mtuhumiwa kumehesabiwa kuwa ni kumsaliti aliyeibiwa, na watu wema, wanaoogopa kusaliti, wananyamaza.

La pili, uzito hugawanywa mpaka haupo. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, wakikusudia kuwafariji watu waliopatwa na msiba mmoja. Kundi limeigeuza methali hiyo. Kuua kwa wengi nako kumekuwa harusi; pana kelele na shangwe, na kesho yake hakuna anayedaiwa. Hata methali ya wengi wape, ambayo kikaoni hutusaidia kumaliza ubishi, mahali hapo huwa ni hatari, maana wengi wakitaka damu ya mtu hatuna ruhusa ya kuwapa. Torati ililiona jambo hili zamani, ikakataza kuwafuata walio wengi katika kutenda uovu (Kut 23:2).

La tatu, hakuna anayekaribia. Neno rehema, ambalo sisi na majirani wetu Waislamu wa Ujiji twalitamka kila siku, lina asili moja katika Kiarabu na Kiebrania na neno la tumbo la uzazi. Neno la Kiyunani ambalo Luka analitumia kwa Msamaria nalo hutoka katika matumbo ya mtu. Lakini Luka hakomi hapo. Baada ya kuona huruma, Msamaria alimkaribia yule aliyejeruhiwa, akayafunga majeraha yake (Lk 10:33–34). Hisia ikawa hatua za miguu. Jiwe, kwa upande wake, ni chombo cha mtu asiyetaka kukaribia. Limetengenezwa kwa ajili ya umbali. Arushaye jiwe hauoni uso, na asiyeuona uso aweza kuwa na huruma nyingi kwa mwingine huku akiua.

Mambo hayo matatu hayahitaji njia panda wala giza. Siku hizi picha ya mtu mmoja yaweza kuzungushwa kwenye simu za mkononi pamoja na shtaka lake, na kufikia jioni watu wasiomjua, walio miji na nchi za mbali, wamemrundikia matusi. Mwili wake haukuguswa. Lakini kipimo ni kile kile, mgawanyo wa uzito ni ule ule, na umbali umezidi. Wengi wao walianza kwa kumhurumia mtu aliyedhulumiwa, na wakaishia kumdhulumu mtu wasiyemwuliza neno.

4. Girard na mwizi wa kweli

Wanafunzi wetu wanaosoma maadili ya Kikristo hukutana na maandishi ya René Girard (1923–2015), Mfaransa aliyefundisha kwa miaka mingi nchini Marekani. Katika vitabu vyake vya mwaka 1972 na 1982 alifundisha kwamba jamii iliyojaa ugomvi wa ndani hupata amani ya muda kwa kuungana dhidi ya mtu mmoja, ikamtwika lawama zote na kumwangamiza. Na kwamba Injili zimeifichua siri hiyo kwa kutangaza wazi kwamba aliyeuawa hakuwa na hatia. Mafundisho hayo yanatusaidia sana kuyasoma mambo ya Murufiti. Kijiji kilihitaji jibu, na jibu lilipatikana katika watu saba.

Lakini msomaji wa Buzebazeba atauliza swali ambalo Girard halijibu vya kutosha. Je, kama injini imekutwa kweli mgongoni mwa kijana yule? Ni rahisi kwetu kumtetea asiye na hatia. Wengi wanaouawa kwa jina la ukibaka wamefananishwa tu na mwizi, na wengine ni wagonjwa wa akili au wageni wasiojua kujieleza. Lakini wengine wameiba kweli. Teolojia inayomlinda tu asiye na hatia inamwacha mwizi mikononi mwa kundi, na zaidi ya hayo inalifundisha kundi kwamba likiwa na hakika ya kutosha laweza kuendelea.

Mapokeo yetu ya Kilutheri yana neno hapa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, lafundisha kwamba serikali na mahakama ni utaratibu mwema wa Mungu, na kwamba Mkristo aweza kuwa hakimu na kutoa adhabu kwa haki. Maana yake hatia ni jambo zito mno kuachiwa watu wasio na jina. Tunajua malalamiko ya watu wetu: mwizi akikamatwa leo, kesho yuko mtaani kwa dhamana, kituo kiko mbali, kesi haiishi. Malalamiko hayo ni ya haki, na kanisa linapaswa kuyafikisha kwa wenye mamlaka bila woga. Lakini mahakama inayochelewa hairekebishwi na mahakama isiyosikiliza kabisa. Anayeshindwa kupata haki yake polisi bado anaweza kurudi kesho kuidai. Aliyechomwa moto kwa kosa lisilo lake hana kesho.

Na juu ya hatia yenyewe, sisi tunaokiri kwamba mwenye haki ni mwenye dhambi pia kwa wakati ule ule, tutasimama wapi ili tumtazame mwizi kutoka juu? Mwanamke wa Yohana sura ya 8 hakusemwa kuwa hana kosa. Aliachwa hai, akaambiwa asitende dhambi tena. Maneno hayo mawili hayatenganishwi.

5. Jinsi Maandiko yanavyolitawanya kundi

Tukiyasoma Maandiko tukiwa na swali hili, twakuta jambo ambalo mahubiri mengi hulipita. Yesu hakulihutubia kundi juu ya huruma. Aliinama, akaandika chini kwa kidole, akawakawiza. Kisha akaweka sharti juu ya yule atakayekuwa wa kwanza. Torati ilikuwa imeagiza kwamba mashahidi ndio waanze (Kum 17:7), ili mtu aliyeshuhudia auhisi uzito wa ushahidi wake mkononi mwake. Yesu anaurudisha uzito huo. Ndipo wakaondoka mmoja mmoja, wakianza na wazee. Yohana angeweza kuandika kwamba umati ulitawanyika. Anasema mmoja mmoja, kwa kuwa hapo ndipo wokovu wa mwanamke yule ulipokuwa: kila mtu alirudishiwa jina lake na dhambi zake.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 19 twakuta ghasia za Efeso. Luka anasema kwa kejeli nzito kwamba wengi wao hawakujua sababu ya kukusanyika kwao. Aliyewaokoa Gayo na Aristarko siku ile hakuwa mtume, wala hakuwa Mkristo. Alikuwa karani wa mji, aliyewaacha wapige kelele, kisha akawaambia kwamba baraza zipo na wenye kuamua wapo, na Demetrio mwenye shauri aende huko. Hotuba yake haina maneno matamu hata moja. Lakini watu walirudi makwao na hakuna aliyekufa. Tunawaomba wanafunzi wetu wamheshimu karani yule. Katika mitaa yetu cheo chake anacho mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu, shehe, au mama mwenye kibanda cha chai ambaye vijana wa bodaboda wanamwogopa.

Sura ya 7 ya kitabu hicho inatuonyesha mtu mwingine, kijana aliyewekewa nguo za mashahidi miguuni pake. Sauli hakurusha jiwe. Alishika nguo, ili wenye kurusha wasizuiwe na mikono ya kanzu zao. Leo anayesimama pembeni na kupiga picha kwa simu huenda akadhani kwamba hayumo. Luka amemweka ndani ya habari, na kwa jina.

Mwisho tuwataje rafiki zake Ayubu, maana wao ndio wanaotuhusu zaidi sisi wachungaji. Walianza vema kuliko wengi wetu. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayu 2:13). Maangamizi yalianza walipopata la kufundisha. Mwanzoni Elifazi anasema kwa upole, lakini kila Ayubu anapokana, mafundisho ya Elifazi yanazidi kuhitaji hatia yake. Kufikia sura ya 22 anamtajia dhambi ambazo hakuna aliyeziona: kwamba aliwanyima maji waliochoka, akawanyima mkate wenye njaa, akawafukuza wajane mikono mitupu. Ushahidi wa uongo umezaliwa na nadharia, na aliyeuzaa ni mtu mcha Mungu aliyekuwa ameketi matangani siku saba.

6. Msiba, mimbari na amri ya nane

Hapo ndipo uhakiki wetu unapoingia kanisani. Tuhuma nyingi za uchawi huanzia msibani, kwa sentensi fupi: "Kifo hiki kina mkono wa mtu." Husemwa kwa sauti ya chini, chini ya mwembe, kati ya watu wanaolia. Na mhubiri wa siku hiyo ama ataizima sentensi hiyo ama ataichochea. Mahubiri yanayozungumza juu ya maadui wa familia hii, waliopanga mabaya juu ya nyumba hii, ambao Mungu atawaumbua kabla ya arobaini, yanaweza kuwa yalikusudiwa kufariji. Lakini msikilizaji hurudi nyumbani akiwa na swali moja tu: adui huyo ni nani? Na jibu liko karibu, katika nyumba ya tatu, kwa bibi asiye na mtoto wa kumtetea. Vivyo hivyo na sala za hadhara zinazoomba moto uwashukie waliofunga riziki za watu. Mahali ambapo moto umekwisha kutumika katika kuwaua watu saba, neno moto halifai kutumiwa ovyo.

Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, katika kuieleza amri ya nane, haikuishia kukataza uongo juu ya jirani. Inamtaka Mkristo amtetee, aseme mema juu yake, na kuyaeleza mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huo huo Luther anatofautisha kuijua dhambi ya mtu na kuihukumu hadharani. La pili ni la mwenye ofisi ya kuhukumu, na asiye nayo ampeleke ndugu yake katika njia ya Mathayo 18. Twaifundisha amri hiyo kwa watoto wa kipaimara kana kwamba yahusu masengenyo ya darasani. Kwa mkoa wetu ni amri ya uhai na kifo. Ingefaa ifundishwe pamoja na amri ya tano, kwa kuwa hapa jiwe hutanguliwa na neno.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa walio katika huduma. Kwanza, mhubiri wa msibani aulize chanzo cha kifo kwa wahusika, na ikiwa familia yakubali, akitaje waziwazi: ilikuwa shinikizo la damu, ilikuwa malaria, alizama ziwani kwa dhoruba. Kutaja ugonjwa kwa jina lake ni kumtetea jirani. Pili, wachungaji, mashehe na viongozi wa mitaa wafahamiane kabla ya siku ya kelele, wakubaliane ni nani atakayesema "ngojeni", ili anaposema asiwe peke yake. Tatu, aliyeuawa na kundi azikwe kwa ibada kamili ikiwa ni Mkristo, jina lake lisomwe, na jamaa zake watembelewe. Usharika unaojificha siku ya mazishi ya mwizi umekwisha kupiga kura pamoja na waliomwua.

Hitimisho

Tulianza na msemo wa magazeti, nasi hatutazamii kwamba makala moja itaufuta. Lakini mhubiri aweza kuukataa kinywani mwake. Habari ya namna hiyo inapoletwa kwake, aulize: Aliyekufa aliitwa nani? Ni nani aliyemwuliza neno kabla hajapigwa? Watoto wake wanalala wapi usiku huu? Maswali hayo yataonekana baridi mbele ya watu wenye uchungu wa kweli, na huenda akaambiwa kwamba hamhurumii aliyeibiwa. Na amhurumie, aende pia kwa mvuvi yule, aketi naye, aone jinsi usharika utakavyosaidia vijana wa chombo chake. Mungu aliyewakabidhi wachungaji kundi hakuwapa nusu yake, na katika mtaa mmoja mwizi na mwenye injini huweza kuwa wamebatizwa katika maji yale yale.

Wengi wa wanafunzi watakaosoma makala hii watapangiwa mitaa ambayo hakuna kituo cha polisi karibu. Siku moja watasikia kelele. Ibada ya Jumapili iliyofuata si mahali pa kuanzia somo hilo, kwa sababu mmoja wa wasikilizaji wake atakuwa amekwisha kuzikwa.